Maswali na Majibu: Picha Kubwa za Kisayansi, Kumbukumbu Ndogo ya Kompyuta

Barua za toleo hili zimetoka kusini, mikoa ya Mtwara na Lindi, na zote zinagusa shida moja: picha za kitaalamu, ziwe za droni, za setilaiti, za mashine ya tomografia (inayopiga picha za ndani ya kitu, tabaka kwa tabaka) au za kamera ya chini ya maji, zinaielemea kompyuta ambayo mtafiti anayo. Barua ya kwanza imejibiwa kwa kirefu kuliko nyingine kwa kuwa hesabu zake zinahitajika katika majibu yanayofuata.

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtafiti msaidizi wa zao la korosho. Tulirusha droni juu ya mashamba yenye eneo la kilometa moja ya mraba, kisha picha zikaunganishwa kuwa picha moja ambayo kila pikseli inawakilisha sentimita 5 za ardhi. Tunataka kuhesabu mikorosho na kupima upana wa mwavuli wa kila mti, ili tujue ni miti ipi iliyodhoofika baada ya msimu wa ugonjwa wa ubwiri unga. Faili lenyewe lina megabaiti 350 tu, na kompyuta yangu ina RAM ya gigabaiti 8. Hata hivyo, kila nikiifungua picha kwa lugha ya programu ya Python na kuanza hesabu, kompyuta inaganda, kisha programu inajifunga yenyewe. Inakuwaje megabaiti 350 zishindwe kuenea ndani ya gigabaiti 8?

Msomaji, Tandahimba, Mtwara

Jibu

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa usumbufu. Megabaiti 350 unazoziona kwenye folda ni ukubwa wa picha ikiwa imebanwa. Kompyuta haiwezi kupiga hesabu juu ya picha iliyobanwa. Lazima kwanza iikunjue, na ikishakunjuliwa kila pikseli inadai nafasi yake kamili katika kumbukumbu. Upande wa kilometa moja ukigawanywa kwa sentimita 5 unatoa pikseli 20,000, kwa hiyo picha nzima ina pikseli milioni 400. Kila pikseli ina rangi tatu na kila rangi inachukua baiti moja, jumla gigabaiti 1.2. Hapo bado hujafanya kazi yoyote. Ukiigawanya picha hiyo kwa 255 ili thamani zake ziwe kati ya 0 na 1, jambo ambalo mifano mingi ya mafunzo huanza nalo, NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inazigeuza namba zote kuwa desimali za biti 64, yaani baiti nane kwa kila thamani, na zile gigabaiti 1.2 zinakuwa 9.6. Kompyuta yako ina 8, na sehemu yake ilikwishachukuliwa na mfumo endeshi na kivinjari.

Kumbukumbu ikijaa, mfumo endeshi huanza kuhamishia data kwenye diski ili upate nafasi, na kwa kuwa diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, wewe unaona kompyuta imeganda. Nafasi hiyo nayo ikiisha, programu inauawa. Kuna pia gharama isiyoonekana, nayo ni ya matokeo ya katikati. Tuseme unatenganisha majani na udongo kwa kipimo kinachotumika sana katika picha za droni zenye rangi za kawaida, yaani kijani mara mbili, toa nyekundu, toa bluu. Ni mstari mmoja tu wa programu, lakini kila tendo ndani yake linaandikiwa jedwali jipya lenye pikseli milioni 400, na jedwali moja la desimali za biti 64 ni gigabaiti 3.2. Mawili au matatu yakiwa hai kwa wakati mmoja, kompyuta yako imeshalemewa.

Wengi wakifika hapa hufikiria kununua kompyuta nyingine. Ninakusihi kwanza ujiulize swali hili, kwa sababu linaamua namna nzima ya kufanya kazi: ili nipate jibu la pikseli hii moja, ninahitaji kuziona pikseli zipi nyingine? Kwa kipimo cha kijani, pikseli inajitosheleza. Haihitaji jirani yeyote. Kwa hiyo unaweza kuikata picha vigae vya pikseli 2,048 kwa 2,048, ukasoma kigae kimoja, ukakipigia hesabu, ukaandika jibu kwenye diski, ukakiachia, ndipo ukachukua kinachofuata. Picha yako inatoa vigae 100, na kimoja, kikiwa na rangi zake tatu, kinakula megabaiti 12.6 tu. Maktaba ya rasterio inakuwezesha kusoma dirisha la picha bila kuifungua picha yote.

Wala huhitaji desimali katika hatua hiyo. Kila rangi iko kati ya 0 na 255, kwa hiyo kipimo cha kijani kinaangukia kati ya hasi 510 na chanya 510, na namba kamili za biti 16 zenye alama, yaani zinazokubali hasi, zinakitosha bila kupoteza chochote. Lakini kuwa mwangalifu, kwa maana hapa ndipo watu wanaobana kumbukumbu huharibu matokeo bila kujua. Ukipiga hesabu katika namba za biti 8 kama zilivyotoka kwenye faili, kijani cha 140 kikizidishwa kwa mbili hakitoi 280. Kinatoa 24, kwa sababu namba za biti 8 zikipita 255 zinaanza upya kutoka sifuri. Programu haitatoa onyo. Utaona tu madoa ya ajabu katikati ya miti yenye afya nzuri kabisa, na pengine utaandika kwenye ripoti kwamba miti hiyo ni migonjwa. Badilisha kigae kiwe cha biti 16 kwanza, ndipo uzidishe.

Hatua ya pili ni kuweka mpaka: thamani ipi ihesabiwe kuwa jani na ipi iwe udongo. Mbinu ya Otsu, iliyochapishwa mwaka 1979, inautafuta mpaka huo kutokana na mgawanyo wa thamani zote za picha, na hapa jibu la pikseli moja kweli linategemea picha nzima. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuikokotoa Otsu upya ndani ya kila kigae. Kigae kilichoangukia mchanga mtupu au barabara hakina mti hata mmoja, lakini mbinu hiyo italazimika kukigawa makundi mawili, na nusu ya mchanga itageuka mikorosho. Dawa yake ni kupita mara mbili. Mara ya kwanza pitia vigae vyote ukihesabu tu kila thamani imetokea mara ngapi; thamani zinazowezekana ni 1,021, kwa hiyo muhtasari wa pikseli milioni 400 unaenea katika orodha ya namba 1,021. Kokotoa mpaka mmoja kutokana na orodha hiyo. Mara ya pili pitia tena vigae ukiutumia mpaka huo huo kila mahali.

Hatua ya tatu, ya kuhesabu miti, ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mkorosho uliokatwa na mstari wa kigae utahesabiwa mara mbili, tena kila nusu ikionekana kama mti uliodhoofika. Kila kigae kisomwe pamoja na ukingo wa ziada unaozidi kidogo upana wa mwavuli mkubwa kuliko yote. Mwavuli wa mita 12 ni pikseli 240 kwa picha yako, basi chukua 260 kila upande. Halafu weka sheria moja: mti ni wa kigae ambacho kitovu chake kimeangukia ndani ya eneo lake halisi, bila kuhesabu ukingo. Kila mti utapata mwenyewe mmoja. Sheria hii inategemea miavuli iwe imetenganishwa. Kwenye mashamba ya zamani ambako mikorosho imeshikana matawi kwa mstari mrefu, kundi moja linaweza kupita ukingo wowote utakaouweka, na huko itakubidi uitenganishe miti kwanza, mathalani kwa kutafuta kitovu cha kila mwavuli, kabla ya kuihesabu.

Swali

Mwalimu, pokea salamu zangu. Ninasoma shahada ya uzamili na ninafuatilia mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma. Nina picha 60 za setilaiti za Sentinel-2 za eneo hilo, nyingi zikiwa na mawingu, na ninataka mediani, yaani thamani ya katikati, ya kila pikseli ili mawingu yaondoke. Kompyuta haizibebi picha zote kwa pamoja, kwa hiyo nilizigawa makundi sita ya picha kumi kumi, nikatafuta mediani ya kila kundi, kisha nikachukua mediani ya zile mediani sita. Mwenzangu anasema matokeo yangu si sahihi. Je, ana haki?

Msomaji, Mtwara Mjini

Jibu

Mwenzako ana haki, na ni vizuri umeuliza kabla ya kuwasilisha tasnifu. Wastani wa kawaida ungevumilia mgawanyo huo mradi makundi yawe na idadi sawa ya thamani, lakini mediani haivumilii. Chukua namba 1 hadi 9 uzigawe hivi: 1, 2, 9; kisha 3, 4, 8; kisha 5, 6, 7. Mediani za makundi ni 2, 4 na 6, na mediani yake ni 4, ilhali mediani ya namba zote tisa ni 5. Kwako wewe hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ukipanga picha kwa tarehe, kundi zima linaweza kuangukia masika, na mediani ya kundi hilo ikawa ni ya mawingu matupu.

Tumia lile swali nililomwandikia msomaji wa Tandahimba. Pikseli moja ya mediani inahitaji kuziona tarehe zote 60, lakini haihitaji kumwona jirani hata mmoja. Basi kata eneo, usikate muda. Kipande kimoja cha Sentinel-2 kwa bendi (matabaka ya rangi) ambazo pikseli yake ni mita 10 kina pikseli 10,980 kwa 10,980, na kila pikseli inahifadhiwa kwa baiti mbili. Bendi moja ya tarehe moja ni kama megabaiti 241, na tarehe 60 zinafika gigabaiti 14.5. Dirisha la pikseli 512 kwa 512 kwa tarehe zote 60 ni megabaiti 31 tu.

Kabla ya hapo lakini, jiulize kama unahitaji kipande chote. Kipande kimoja kina upande wa takriban kilometa 110, na mikoko haikui huko bara. Kata kwanza eneo la pwani linalokuhusu. Likiwa na upande wa kilometa 30, ni pikseli 3,000 kwa 3,000, na tarehe zote 60 za bendi moja zinakuwa gigabaiti 1.08. Usifurahi mapema, kwa sababu ili uzifute pikseli za mawingu zisihesabiwe utalazimika kuzigeuza namba kuwa desimali, na hata ukichagua desimali za biti 32 kumbukumbu inaongezeka maradufu, kisha kazi ya kutafuta mediani yenyewe inatengeneza nakala nyingine. Unakaribia gigabaiti 4.5 kwa bendi moja. Bado ningefanya kazi kwa madirisha, ila sasa yatakuwa machache na kazi itakwisha upesi.

Namna faili lilivyopangwa kwenye diski ina uzito pia. Sentinel-2 hutolewa kwa muundo wa JPEG 2000, ambao kuukunjua ni kazi nzito kwa prosesa, na wewe utausoma tena na tena. Zibadilishe picha ulizokata mara moja tu ziwe GeoTIFF (muundo wa picha wenye taarifa za mahali) iliyopangwa kwa vigae, kwani GeoTIFF iliyopangwa kwa mistari inailazimisha programu kusoma mistari mizima ya picha hata kama dirisha lako ni jembamba. Na ukiamua kuziunganisha tarehe zote katika faili moja, kumbuka kwamba TIFF ya kawaida haipiti gigabaiti 4. Zaidi ya hapo unahitaji BigTIFF, vinginevyo kazi ya usiku kucha itakwama katikati.

Swali

Assalaam alaikum Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa sekondari. Rafiki yangu aliyeko ng'ambo amenitumia seti ya picha za tomografia za mfupa wa kale ili wanafunzi wauone ndani. Ni picha 2,000, kila moja ina pikseli 2,000 kwa 2,000, za biti 16. Kompyuta ya shule ina RAM ya gigabaiti 4. Ninatumia ImageJ, programu ya kuchambua picha. Je, nikate tamaa?

Msomaji, Lindi Manispaa

Jibu

Waalaikumu salaam, mwalimu mwenzangu. Usikate tamaa hata kidogo. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Wajerumani huko Tendaguru, mkoani kwenu, kati ya mwaka 1909 na 1913, iko Berlin hadi leo. Mtoto wa Lindi anayetaka kuona kilichomo ndani ya mfupa wa aina hiyo ana njia chache mbali na hii uliyoipata, na ningependa sana ifanikiwe.

Seti yako ikikunjuliwa ni gigabaiti 16. ImageJ ina chaguo la kuiacha seti kwenye diski na kusoma picha moja moja kadiri unavyoipitia. Kwa njia hiyo unahitaji megabaiti 8 tu kwa wakati mmoja, na darasa linaweza kuupitia mfupa mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Tahadhari ni kwamba mabadiliko utakayofanya kwenye picha moja katika hali hiyo yanapotea ukihamia nyingine, isipokuwa umeyahifadhi.

Kwa umbo la pande tatu, punguza seti kwa nusu katika kila upande: inabaki sehemu moja ya nane, yaani gigabaiti 2. Ipunguze kwa kuchukua wastani wa pikseli nane zinazopakana, wala usiipunguze kwa kuruka pikseli, maana ukiruka, nyufa nyembamba zitapotea hapa na kutokea pale kana kwamba mfupa una vipande visivyokuwepo. Gigabaiti 2 kwa mashine ya 4 bado zinabana, hivyo kata pia nafasi tupu iliyouzunguka mfupa. Katika picha za tomografia nafasi hiyo huwa kubwa. Wanafunzi wakishapata sehemu inayowavutia, rudi kwenye seti ya asili ukate sehemu hiyo peke yake kwa ubora wake kamili.

Swali

Shikamoo Mwalimu. Ninachambua picha 9,000 za matumbawe zilizopigwa chini ya maji, kila moja ina pikseli milioni 24. Nazisoma moja moja, sizifungui zote. Kutoka kila picha ninahifadhi kipande kidogo tu cha katikati, pikseli 200 kwa 200, kwenye orodha ya kutumia baadaye. Kompyuta ina gigabaiti 8, lakini programu hufa kabla ya kufika picha ya mia. Nimehakiki kila mstari bila kuona kosa. Umeme nao ukikatika naanza upya.

Msomaji, Kilwa Masoko, Lindi

Jibu

Marahaba, kijana wangu. Namba ulizoziandika zinaonyesha ugonjwa ulipo. Picha moja ya pikseli milioni 24 yenye rangi tatu ni megabaiti 72. Tuseme programu ilikufa kwenye picha ya 90: vipande vyako 90 vilipaswa kuwa megabaiti 11 hivi, lakini picha 90 nzima ni karibu gigabaiti 6.5, na ukiongeza mfumo endeshi unaikaribia 8. Kwa hiyo picha zako nzima bado ziko kwenye kumbukumbu, ingawa wewe unaamini umeziachia.

Sababu ni hii: ukikata kipande cha jedwali la NumPy kwa njia ya kawaida, hupewi nakala. Unapewa dirisha linaloangalia ndani ya jedwali lile lile kubwa, na maadamu dirisha hilo limo kwenye orodha yako, jedwali zima haliwezi kufutwa. Mstari hauna kosa la kisintaksia wala la hesabu, ndiyo maana umeuhakiki bila kuuona. Ongeza amri ya copy mwishoni mwa ukataji, na kila kipande kitasimama peke yake kwa baiti 120,000.

Hata hivyo vipande 9,000 vitafika gigabaiti 1.08, na sioni faida ya kuvilimbikiza kwenye orodha. Viandike kwenye diski kimoja kimoja, kila kimoja kwa jina la picha yake. Na kama unafikiria kuharakisha kazi kwa kuendesha michakato minane sambamba, piga hesabu kwanza: picha moja ikigeuzwa desimali za biti 64 ni megabaiti 576, na mara nane ni gigabaiti 4.6 kabla ya matokeo yoyote ya katikati. Anza na michakato miwili, utazame kumbukumbu inavyokwenda, ndipo uongeze.

Kuhusu umeme, vipande vikishakuwa kwenye diski tatizo linaisha karibu lote. Mwanzoni mwa kila mzunguko, programu iangalie kama faili la kipande hicho lipo, likiwepo, iruke. Isipokuwa faili lililokuwa linaandikwa dakika umeme ulipokatika litakuwa nusu, na programu itakaporudi italiona lipo na kuliruka. Kwa hiyo andika kila kipande kwanza kwa jina la muda, lenye mwisho tofauti, na ulibadilishe liwe jina halisi baada tu ya uandishi kukamilika. Umeme ukirudi, futa mafaili yote yenye jina la muda, kisha endesha programu ile ile bila kuigusa.